Kumfundisha mbwa kuja akiitwa kwa kutumia klika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafuga mbwa Kiboriloni, pembeni mwa mji wa Moshi. Maswali haya nimeulizwa na majirani, na wafugaji wa Pasua na Shanty Town, na wengine wa Njiro na Usa River upande wa Arusha. Nimeyapanga kuanzia ya mtu ambaye hajawahi kushika klika hadi ya mbwa wenye hali zao za pekee. Jibu likishatolewa mahali pamoja silirudii. Nakuelekeza kwenye namba ya swali.

## Mwanzo

1. Klika ni nini?

Ni kidude cha plastiki cha kushika kiganjani, chenye kipande cha bati ndani. Ukikibonyeza kinatoa mlio mmoja mfupi, mkavu, usiofanana na sauti nyingine za nyumbani. Mbwa hazaliwi akiujua mlio huo. Unamfundisha wewe, kwa kumpa chakula kila baada ya kubonyeza, mpaka ausikie na kugeuka kutafuta mkono wako.

Faida yake ni kasi. Mbwa anafanya jambo zuri kwa nusu sekunde, kisha yuko kwenye jambo jingine. Mkono wako hauwezi kufika mfukoni na kutoka na nyama kwa muda huo, lakini mlio unafika. Unamwambia: hicho ulichofanya sasa hivi ndicho ninachokilipia. Chakula kinaweza kufuata sekunde moja au mbili baadaye, naye ameshaelewa analipwa kwa lipi.

2. Haya si mambo ya Wazungu na mbwa wao wa sebuleni?

Angalia Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kutambua kifua kikuu kwenye makohozi, na njia yenyewe ni hii hii: panya anasikia mlio, anapata chakula. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa huko Morogoro, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa medali ya dhahabu. Kama njia hii imemfaa panya buku katika kazi ya kuokoa maisha, mbwa wako wa Sakina au Majengo hawezi kuwa mgumu zaidi.

3. Mbwa wangu ni koko. Ataweza?

Ataweza, na mara nyingi ataanza haraka. Mbwa wa kienyeji amekulia kwenye kusoma watu: nani ana jiwe mkononi, nani ana makombo. Nimefundisha mbwa wa kienyeji na nimefundisha mbwa wenye damu ya Kijerumani, na sijaona sababu ya kuwadharau hawa wa kwetu. Kinachowachelewesha wengine ni woga wa mikono ya watu, na hilo lina jibu lake katika swali la 14.

4. Aanze akiwa na umri gani?

Wiki 8 zinatosha, ilimradi mafunzo yawe mafupi na yafanyike ndani ya ua. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo asipelekwe kwenye viwanja vinavyopitwa na mbwa wengine, kwa sababu ugonjwa wa parvo unabaki kwenye udongo muda mrefu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Muulize daktari wa mifugo wa kata yako kabla ya kufikiria kumtoa nje ya geti.

Mbwa mzima naye anafundishika. Mgumu kuliko wote ni yule wa miezi 6 hadi mwaka mmoja na nusu, ambaye jana alikuja akiruka na leo anakutazama kama mgeni. Usikate tamaa naye. Rudi hatua mbili nyuma, uendelee.

## Klika, zawadi na neno la kuitia

5. Sina klika. Nitumie nini?

Kalamu ya kubonyeza inatosha ukiwa karibu. Kifuniko cha chupa ya jamu, kile chenye kitovu kinachobonyea katikati, kina mlio mzuri sana. Unaweza pia kugonga ulimi kwenye kaakaa, na faida yake ni kwamba huwezi kuusahau ulimi nyumbani. Chagua kimoja na ubaki nacho.

Usichague mlio unaosikika ovyo mtaani. Jirani mmoja alitumia kugonga vidole, na kila mtoto aliyepita akigonga vidole mbwa alikimbilia getini kudai nyama.

6. Nimpe zawadi gani?

Kitu anachokipenda kuliko ugali wake wa kila siku, kilichokatwa kidogo kama punje ya haragwe. Maini ya kuchemsha bila chumvi ndiyo ninayoyatumia zaidi: robo kilo inakupa vipande vya siku kadhaa ukiviweka kwenye friji. Dagaa wakavu wasio na chumvi wana harufu inayofika mbali, ila uwapepete kwanza, maana wengi huja na mchanga. Yai la kuchemsha, kipande cha utumbo uliooshwa vizuri, hata ndizi mbivu kwa mbwa anayeipenda. Ukimpa zawadi nyingi, punguza chakula cha jioni.

Usimpe chokoleti, zabibu, kitunguu, wala kitu chochote chenye sukari ya bandia iitwayo zailitoli. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumtoboa tumbo.

7. Nimwite kwa neno gani?

Watu wengi wanasema "njoo", nami nawashauri waliache. Nyumbani kwetu "njoo" ni neno la kila dakika: mtoto njoo ule, dada njoo uone, mama Neema njoo hapa kidogo. Mbwa amelisikia mara elfu bila kumhusu, na masikio yake yameshaliacha. Jina lake nalo limechoka kwa namna hiyo hiyo.

Chukua neno safi. Mimi natumia "Hapa-hapa!" kwa sauti ya juu yenye furaha. Wengine wanatumia mluzi wa mapigo mawili mafupi na moja refu, ambao unafika mbali kuliko sauti ya mtu kwenye migomba. Mluzi mmoja mtupu haufai, kwa sababu kila mpita njia anapiga huo.

## Mafunzo yenyewe

8. Siku ya kwanza nifanye nini?

Usimwite kabisa. Kaa naye sehemu tulivu, vipande 15 vya nyama mfukoni. Bonyeza, mpe. Subiri kidogo, bonyeza, mpe. Hahitaji kufanya chochote cha kustahili. Unamfundisha maana ya mlio tu. Mkono usianze kwenda mfukoni kabla ya mlio, la sivyo atajifunza kutazama mkono na mlio utabaki kelele. Rudia mara mbili au tatu siku hiyo. Ukibonyeza wakati anatazama pembeni na kichwa kikageuka mara moja, amepata.

Kuna sharti moja hapa lisilovunjwa: ukibonyeza, unalipa. Hata kama umebonyeza kwa makosa. Hata kama mtoto ndiye aliyebonyeza.

9. Kuita kunaanza vipi?

Kunaanza bila neno. Uwe ndani au kwenye kona ya ua, hatua mbili tatu kutoka kwake. Subiri akutazame. Anapogeuza kichwa, bonyeza. Atakuja mwenyewe kuchukua zawadi yake. Mpe karibu kabisa na mguu wako, usimnyooshee mkono mbali. Baada ya mara kumi hivi utaona anakutazama kwa kukusudia. Sasa rudi nyuma hatua chache ili akufuate, na bonyeza akiwa kwenye mwendo wa kukujia.

Ukiwa na hakika kwamba anakuja, ndipo unaliingiza neno: sema "Hapa-hapa!" mara moja, halafu rudi nyuma, akianza kuja bonyeza, akifika mlipe. Neno linatangulia tendo ambalo tayari unajua litatokea. Watu wengi wanaanza na neno, wanaliimba mara ishirini huku mbwa ananusa ukuta, na wanamfundisha kwamba "hapa-hapa" ni wimbo wa kunusia ukuta.

Kabla ya kumpa zawadi, gusa mkanda wake wa shingoni. Gusa, mpe, achia. Siku ya hatari utahitaji kumshika, na mbwa asiyezoea kushikwa anafika karibu kisha anaruka pembeni.

Ukifika hapo, cheza naye watu wawili: mmoja mlangoni, mwingine kwenye tangi la maji, mnamwita kwa zamu. Watoto wanaupenda sana mchezo huu, na mbwa pia.

10. Nibonyeze wakati gani hasa, akigeuka au akifika?

Mwanzoni, akigeuka. Uamuzi wa kuacha anachokifanya na kukugeukia ndio mgumu, miguu inafuata. Akishakuwa mwepesi wa kugeuka lakini anakuja kwa kujikokota, sogeza mlio mbele: bonyeza akiwa anakimbia. Mwishoni, bonyeza unapogusa mkanda.

11. Itachukua muda gani?

Dakika 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa siku. Ndani ya wiki mbili wengi wanakuja vizuri uani. Nje ya geti ni suala la miezi. Kipimo changu: nikimwita mara kumi mahali fulani akaja mara nane bila kurudia neno, naongeza ugumu. Pungufu ya hapo, nabaki hapo hapo.

## Anapokwama

12. Uani anakuja vizuri, lakini asubuhi nikitaka kumrudisha bandani ananizunguka. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake nililipata kwa gharama kubwa.

Mbwa wengi wa kwetu wanaishi hivi: mchana bandani, usiku wanafunguliwa walinde. Alfajiri mwenye nyumba anatoka, anaita, mbwa anakuja, mlango unafungwa. Kesho vile vile. Mbwa anajifunza vizuri sana, ila anajifunza kwamba kuitwa maana yake ni kufungiwa.

Mbwa wangu wa kwanza, Jimi, nilimfuga hivyo miaka miwili. Siku moja geti liliachwa wazi akatoka hadi barabara kubwa ya kwenda Himo. Nikamwita. Alisimama ukingoni, akageuka, akanitazama. Namkumbuka alivyonitazama. Kisha akageuza kichwa akavuka, na gari likamkuta katikati. Hakuwa mkaidi. Nilikuwa nimemwita karibu kila asubuhi kwa miaka miwili, na kila wito ulikuwa umeishia kwenye komeo.

Kwa hiyo fanya hivi. Chakula chake cha asubuhi kiwe bandani, akikute humo, aingie kwa miguu yake bila kuitwa. Kama ni lazima kumfunga, mfuate alipo ukiwa na kamba mkononi. Hali kadhalika kuoga, dawa ya kupe, sindano ya daktari: nenda wewe kwake, usimwite aje kwenye maumivu. Halafu kila siku mwite mara nyingi bila sababu yoyote, mlipe, gusa mkanda, mwachie aendelee na mambo yake. Aone kwamba mara nyingi kuitwa ni kupewa nyama na kurudi kwenye uhuru.

Kama neno la zamani limeshaharibika, litupe. Anza na jipya kuanzia swali la 8. Ni haraka kuliko kulifufua lile.

13. Anakuja tu akiona nyama mkononi.

Basi umemwonyesha nyama kabla ya kumwita, na nyama imekuwa ndiyo wito. Iweke mfukoni, au kwenye kopo juu ya ukuta mbali nawe. Mwite mikono mitupu, bonyeza akigeuka, kisha mwende pamoja mpaka kwenye kopo. Ataelewa ndani ya siku chache kwamba mikono mitupu nayo inalipa.

14. Nimeambiwa akichelewa kuja achapwe ili akumbuke. Ni kweli?

Hapana. Mbwa anaunganisha fimbo na jambo la mwisho alilofanya, na jambo la mwisho alilofanya ni kukujia. Kesho atachelewa zaidi. Hata ukiwa na hasira kiasi gani, hata kama umemtafuta saa nzima kwenye shamba la jirani, akifika mlipe. Ukishindwa kumlipa, nyamaza.

Kwa mbwa aliyekwisha kupigwa sana na watu, usisimame wima ukimwita. Chuchumaa, mgeuzie ubavu, usimkazie macho, na mrushie zawadi chini badala ya kumpa mkononi. Sogeza zawadi karibu nawe siku hadi siku. Nilikaa wiki tano na jike mmoja kutoka Ngaramtoni kabla ya kumgusa shingo. Wiki ya sita alikuwa anakuja mbio.

15. Nyumbani kila mtu anamwita kivyake. Inaharibu?

Inaharibu. Kaeni chini siku moja, baba, mama, watoto, dada wa kazi na mlinzi, mkubaliane neno moja. Nawaomba hasa msimsahau mlinzi, kwa sababu ndiye anayekaa na mbwa saa nyingi kuliko wote, na akifundishwa mara nyingi anakuwa mwalimu bora kuliko mwenye nyumba. Mpeni kopo lake la zawadi. Watoto wadogo wafundishe mtu mzima akiwepo.

## Nje ya geti

16. Nimwachie lini bila kamba?

Baadaye kuliko unavyodhani. Nunua kamba nyepesi ya mita 10 na uifunge kwenye mkanda wa kifuani. Ukiifunga shingoni naye akakimbia hadi mwisho wa kamba, atajiumiza. Iache iburuzike. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba ukiita hawezi kuondoka jumla. Usimvute nayo kama ndoo ya kisimani.

Anzia mahali patulivu, mapema asubuhi kabla jua halijawa kali. Viwanja vya wazi visivyo na mifugo vinafaa. Msitu wa Rau ni mzuri kwa mbwa aliyekwisha kuiva, akiwa na kamba yake, maana kima kwenye miti ni mtihani mkubwa. Hifadhi za taifa, iwe Arusha au Kilimanjaro, haziruhusu mbwa.

17. Akiona kuku au mbuzi, hanisikii kabisa.

Hakusikii kweli. Kwa wakati ule masikio yamefungwa na macho. Ukiita na kuita unalichosha neno. Siri ni umbali: tafuta umbali ambao anawaona kuku lakini bado anaweza kukugeukia, labda mita 30, labda 50. Hapo bonyeza kila akikutazama, lipa maini, si mkate. Sogea mita chache kila siku chache.

Akikuponyoka akianza kuwakimbiza, usimfuate mbio. Ukimfuata mnawinda wote wawili. Geuka ukimbie upande mwingine huku unamwita kwa furaha. Wengi hawavumilii kuona mtu anawakimbia. Na vihambani, ambako kuku wa jirani wako chini ya migomba hatua tano kutoka njiani, kamba isitoke mkononi. Kulipa kuku wa watu kila wiki kunavunja ujirani.

18. Na bodaboda?

Njia ile ile ya swali la 17, ukiwa umesimama mbali na barabara. Kila pikipiki ikipita: anaiona, anakugeukia, mlio, maini. Baada ya muda pikipiki yenyewe inamkumbusha kukutafuta.

19. Dume langu huwa linasikia, lakini wiki hii limepotea siku mbili.

Ulizia kama kuna jike lenye joto mtaani. Jike huingia kwenye joto takriban kila miezi 6, kwa wiki kama 3, na hakuna zawadi inayoshinda harufu hiyo. Mfungie mpaka ipite, au zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumhasi.

## Hali za pekee

20. Nikimzoesha kula mkononi, hatakula sumu ya wezi?

Hofu hii ni ya haki. Wezi kurusha nyama yenye sumu ni jambo linalojulikana. Lakini mafunzo haya hayalileti. Mbwa mwenye njaa hula kilichorushwa, awe amefundishwa au la. Mshibishe kabla ya kumfungua usiku. Kisha mfundishe kwamba chakula huja baada ya mlio tu: weka kipande chini, kifunike kwa mguu, akiacha kukihangaikia na kukutazama, bonyeza na mpe kingine kutoka mkononi. Si kinga kamili, lakini kuna faida nyingine: mbwa anayekuja akiitwa unaweza kumwondoa ukutani usiku unaposikia kitu kimeanguka upande wa pili.

Kuhusu ulinzi wenyewe, hatalegea. Atabweka vile vile. Tofauti ni kwamba utaweza kumwita mgeni anapobisha hodi, badala ya mgeni kupanda juu ya gari.

21. Mimi ni Muislamu. Nafuga mbwa wa ulinzi lakini sitaki mate yake yaniguse.

Mafunzo yote yanawezekana bila kulambwa. Dondosha zawadi kwenye kibakuli chake kilichowekwa karibu na mguu wako, au tumia kijiko chenye mpini mrefu alichotengewa. Badala ya kugusa mkanda kwa mkono, acha kipande kifupi cha kamba kikining'inia na ukishike kwa glavu. Rafiki yangu mmoja wa Pasua, anayefuata madhehebu ya Shafii, amefundisha mbwa wake wawili namna hii, na twahara yake haikuguswa.

22. Mlio unamtisha, anakimbilia uvunguni.

Funika klika kwa kitambaa au ibonyeze ukiwa nayo mfukoni. Bado anaogopa? Hamia kwenye kalamu au ulimi, kama swali la 5.

23. Mbwa wangu ni kiziwi.

Badala ya mlio tumia ishara: dole gumba juu, kisha chakula. Kumwita kwa mbali, hasa usiku, washa na uzime tochi mara mbili ukiielekeza ardhini mbele yake, usimmulike machoni. Huyu asitembee nje bila kamba, siku zote.

24. Nina mbwa wawili.

Fundisha mmoja mmoja, mwenzake akiwa mbali asikosikia klika. Kila mmoja akishaiva, waite pamoja na ulipe wote, aliyetangulia na aliyefuata, wakiwa pande mbili tofauti za miguu yako ili wasigombane.

25. Nitabeba klika maisha yote?

Hapana. Klika ni ya kufundishia. Mahali ambapo anakuja mara kumi kwa kumi, iache nyumbani, useme "vizuri!" badala yake. Ukianza mahali papya au ugumu mpya, irudishe.

Zawadi ni jambo jingine; hiyo usiiondoe kabisa. Ibadilishe: leo kipande kimoja, kesho kusuguliwa kifua, keshokutwa vipande sita mfululizo bila yeye kutarajia. Mimi nina neno la pili pia, ambalo nalitumia kwa hatari tu. Nalifanyia mazoezi mara moja kwa wiki, na kila mara linalipwa kwa konzi nzima ya maini. Mbwa niliye naye sasa anaitwa Tomi. Mwezi uliopita, geti likiwa wazi na lori likishuka, nilimwita kwa neno hilo akiwa hatua nne kutoka kwenye lami. Aligeuka kabla sijalimaliza.